Jamani, hizo nafasi kwenye majina ya mafaili!

Ndugu msomaji, leo niwie radhi. Sina siasa wala foleni za Dar. Nina jambo dogo ambalo liliwahi kunitoa machozi: majina tunayoyapa mafaili yetu.

Miaka kadhaa iliyopita nilimhoji mzee mmoja wa Chang'ombe, kuli mstaafu wa bandarini. Saa nzima na ushee ananisimulia bandari ya ujana wake. Nikarudi ofisini, nikahifadhi sauti kwa jina hili: "Mahojiano na mzee wa Chang'ombe (mpya kabisa).mp3". Nikaona nimemaliza kazi.

Baadaye kompyuta ile ikatakiwa kusafishwa. Kijana wetu wa IT akaandika kiprogramu cha kuhamishia mafaili yote kwenye seva. Kumbe katika amri za Linux nafasi ina kazi yake: hutenganisha neno na neno. Jina langu moja likakatwa vipande. Mashine ikatafuta faili liitwalo "Mahojiano", haikuliona. Ikatafuta "na", hola. Ikatafuta "mzee", hola. Ikaendelea na safari yake. Kesho yake kompyuta ikafutwa. Nilipokuja kugundua, mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Nimlaumu kijana wa IT? Kidogo, ndiyo. Angeyaweka majina ndani ya alama za kunukuu, yasingetokea. Lakini jina lile nililitunga mimi.

Na wala hatuko peke yetu. Novemba 2001 Apple walitoa iTunes 2.0 kwa ajili ya Mac. Programu ya kuisakinisha ilikuwa na kosa la ukoo huohuo: baadhi ya watu ambao majina ya diski zao yalikuwa na nafasi walijikuta data zao zimefutwa. Ikabidi waiondoe haraka na kutoa 2.0.1. Kama wakubwa wanateleza hivyo, sembuse sisi?

Madhara mengine ni madogo lakini yanakera. Pandisha picha yenye nafasi kwenye tovuti, kiungo kinajaa %20 kila penye nafasi; ukikituma kwa ujumbe mara nyingi kinakatikia njiani. Alama kama : ? * na " Windows inazikataa kabisa. Halafu kuna herufi kubwa: kwa kawaida Windows huona Picha.jpg na picha.jpg ni kitu kimoja, Linux huona ni mafaili mawili. Ndiyo maana picha inaonekana vizuri kwako, ikifika kwenye seva haionekani.

Najua kuna watakaosema: "Mashine ndiyo inifuate mimi, si mimi niifuate mashine." Hoja nzito hiyo. Enzi za DOS tulibanwa kwenye herufi 8 na 3 za mwisho, Windows 95 ikatufungulia hadi 255. Kwa nini turudi kifungoni? Tena sisi Waswahili tuna ng' yetu. Nikiandika "changombe" si naharibu lugha?

Hapana. Andika Chang'ombe sawasawa ndani ya habari, kwenye kichwa cha habari na kwenye maelezo ya picha. Jina la faili ni kibandiko cha kwenye gunia, analisoma mbebaji. Na kile kialama cha ng' ni kigeugeu: Word hukipindisha chenyewe. Kwa jicho ni kilekile, kwa mashine ni alama mbili tofauti, kwa hiyo unaweza kutafuta faili lako ukaambiwa halipo.

Siku hizi nina kanuni moja. Herufi ndogo, namba na kistari, basi. Tarehe inatangulia, mwaka kwanza: 2024-03-07-mahojiano-kuli-changombe.mp3. Mafaili yanajipanga yenyewe kwa tarehe. Na badala ya "mpya kabisa" naandika toleo-2, kwa sababu "mpya kabisa" huwa na wadogo zake watatu.

Nakuomba leo fungua simu yako, fungua flashi yako. Mna sauti ya bibi mle, mna picha za msiba, mna utafiti wako wa chuo. Yape majina yatakayofika salama kwa atakayekuja baada yako. Mzee wangu wa Chang'ombe sitampata tena.

Naomba kutoa hoja.