Bei ya Nyumba Isiwe Pazia

Kila mwezi Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya China hutangaza mabadiliko ya bei za nyumba mpya katika miji 70. Mara litokapo tangazo hilo, wachumi wa mabenki, wanunuzi wa hisa na waandishi wa habari wa nchi za nje hulirukia. Tangu mwaka 2011 ofisi hiyo haitoi tena wastani mmoja wa miji yote, lakini mashirika ya habari huukokotoa yenyewe, mradi ipatikane tarakimu moja ya kutangazia dunia. Bei ikipanda kwa sehemu moja ya kumi ya asilimia, husemwa kwamba uchumi umepata nafuu. Ikishuka kwa kiasi hicho hicho, husemwa kwamba uchumi unazirai. Desturi hii imekwisha kuwa kama ibada, na wakati umefika wa kuihoji.

Hapana anayekanusha kwamba bei ya nyumba ni jambo zito. Nchini China ardhi yote ya mijini ni mali ya taifa, na serikali za mitaa huuza haki ya kuitumia kwa makazi kwa muda wa miaka 70. Mwaka 2021 mapato ya mauzo ya haki za ardhi yalifikia yuan trilioni 8.7, mwaka 2024 yalikuwa yameanguka hadi chini ya trilioni 5. Akiba ya familia nyingi imo ndani ya kuta za nyumba. Viwanda vya chuma, saruji na samani navyo hutegemea ujenzi. Kwa hiyo atakaye kuujua uchumi wa nchi hiyo hana budi kuitazama nyumba. Swali ni jingine kabisa: je, bei inayotangazwa ni bei ya nani, nayo imepatikanaje?

Takwimu za nyumba mpya hutokana na mikataba ya mauzo iliyoandikishwa kwa wakuu wa miji. Kabla kampuni haijauza nyumba, hupaswa kupata kibali cha mji na kuandikisha bei yake. Baada ya bei kupaa katika mwaka 2016, miji mingi iliweka kikomo cha juu. Katika miji kama Hangzhou na Shenzhen, nyumba mpya zikawa rahisi kuliko nyumba zilizokwisha kutumika katika mitaa ile ile, na wanunuzi wakawa wanapigiwa kura ya bahati ili wapate nafasi ya kununua. Fahirisi ya bei ilitulia. Njaa ya nyumba haikutulia hata kidogo.

Upepo ulipogeuka, amri nayo iligeuka. Mwaka 2021 mji wa Yueyang, katika jimbo la Hunan, ulipiga marufuku kuuza nyumba mpya chini ya asilimia 85 ya bei iliyoandikishwa, na miji mingine ilichukua hatua za namna hiyo. Mwalimu yeyote atalielewa jambo hili bila kuwa mchumi. Mwalimu akiamriwa kwamba hakuna mwanafunzi wa kupata chini ya alama 85, ripoti ya shule itapendeza sana, lakini nani atathubutu kusema kwamba watoto wamejua hesabu? Bei iliyowekewa dari juu na sakafu chini haipimi soko. Inapima amri.

Ushahidi uko wazi. Katika mwaka 2022 eneo la majengo mapya yaliyouzwa nchini China lilipungua kwa asilimia 24.3. Ni anguko kubwa mno. Lakini mwezi Desemba mwaka huo, wastani wa bei za nyumba mpya katika ile miji 70 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 1.5 tu kulinganisha na mwaka uliotangulia. Soko gani hilo ambalo wateja robo nzima wanatoweka, na bei yake inasimama wima kama askari wa zamu?

Jibu ni kwamba punguzo lilifichwa. Makampuni yalitoa maegesho ya magari au samani kama zawadi, huku bei ya mkataba ikibaki pale pale. Mwaka huo huo wa 2022, katika jimbo la Henan, kampuni iliwaruhusu wakulima kulipa sehemu ya malipo ya kwanza kwa ngano na kwa vitunguu saumu, vikithaminiwa kwa bei iliyozidi ya sokoni. Bei ya nyumba haikuguswa. Iliyopandishwa ni bei ya kitunguu! Tangazo lile lile la kila mwezi hutoa pia bei za nyumba zilizokwisha kutumika, ambazo mwenyewe huziuza bila kubanwa na bei ya kibali. Mwishoni mwa mwaka 2024 bei hizo zilikuwa zimeshuka zaidi kuliko za nyumba mpya. Lakini wengi husoma mstari wa kwanza, kisha hufunga karatasi.

Madhara ya usomaji huu humwangukia mwananchi wa kawaida. Mwaka 1998 China ilikomesha utaratibu wa wafanyakazi kugawiwa nyumba na mahali pao pa kazi. Sheria ya mwaka 1994 ilikwisha ruhusu nyumba kuuzwa kabla hazijamalizika. Hivyo mfanyakazi huchukua mkopo, huanza kulipa, kisha husubiri miaka. Kampuni ya Evergrande, yenye madeni yaliyozidi dola bilioni 300, ilishindwa kulipa mwaka 2021, na mwezi Januari 2024 mahakama ya Hong Kong iliamuru ifilisiwe. Katikati ya mwaka 2022, wanunuzi wa nyumba katika mamia ya miradi walitangaza kwamba hawatalipa mikopo mpaka ujenzi uendelee. Walikuwa wanalipia hewa. Je, fahirisi ya bei iliwaona? La hasha. Nyumba isiyo na paa wala mlango, mradi imeuzwa, huingia katika hesabu sawasawa na nyumba ambayo watu wamekwisha hamia.

Wapo watakaodai kwamba takwimu ya kila mwezi ni ya haraka, na kwamba tangu mwaka 2024 miji kadhaa imeondoa vikomo vya bei. Ni kweli, na kuondolewa kwa vikomo kunaipa bei uhuru wa kusema. Hata hivyo liko kosa ambalo halifutiki kwa kuondoa amri, nalo ni la kuita kupanda kwa bei habari njema. Mwezi Desemba 2016 Rais Xi Jinping alisisitiza kwamba nyumba ni za kukaa watu, si za kulangua. Ikiwa neno hilo ni kweli, basi kijana wa kiwandani ambaye hajapata nyumba hupata hasara kila bei ipandapo, na kumshangilia mpandishaji ni kusimama upande wa mlanguzi.

Takwimu hii isitupwe, bali iwekwe mahali pake. Mwezi mmoja usichukuliwe kuwa mwelekeo. Kando ya bei mpya iwekwe bei ya nyumba zilizokwisha kutumika, idadi ya nyumba zilizokamilika na kukabidhiwa, idadi ya zilizo tupu, na uwiano wa kodi ya pango na mshahara. Mtumishi wa serikali ajazaye fomu na mwalimu afundishaye hesabu ndio wa kwanza kujua kwamba tarakimu ikishakuwa kigezo cha kumsifu au kumkaripia mkubwa, watu huacha kuipima hali na huanza kuilinda tarakimu. Hao ndio wenye wajibu wa kuuliza, kila mara asilimia itangazwapo: nani ameiandika, nani anafaidika nayo, na ni watu wangapi waliolala jana chini ya paa walilolilipia?