Bachela, sufuria moja inatosha!

Mimi hapa Kirumba nadunda, ila wiki hii naomba tuweke mapenzi pembeni, tuingie jikoni.

Tangu Januari naishi na mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha nne. Mama alimleta mwenyewe toka kijijini, akaniambia, "Baba, mtoto huyu nakukabidhi." Basi nikawa mlezi wa chipsi mayai! Narudi kwenye mihangaiko saa moja usiku, jiko la mkaa ni moja. Tukisonga ugali na kuunga dagaa wa Mwaloni tunakula saa nne, dogo anasinzia juu ya daftari. Tukinunua chipsi, hela ya wiki inakata Jumatano. Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka sikuthubutu kumpigia mama.

Dawa nimeipata: makaroni ya nyama ya kusaga yenye chizi, yote ndani ya sufuria moja.

Najua wapo watakaoguna kwamba hicho si chakula cha mwanaume wa Kanda ya Ziwa. Gunani tu. Pwani wanakula tambi za sukari na hiliki kwenye futari na hawajafa, sembuse hizi za chumvi?

Kwa watu wawili wenye njaa, au watatu wastaarabu, chukua nyama robo kilo. Mwambie wa bucha aisage mbele yako, usikubali iliyokwishasagwa tangu asubuhi. Ikaange kwenye mafuta kidogo mpaka maji yake yakauke na iwe kahawia. Hapo usiwe na haraka, ladha yote inatoka hapo. Tia kitunguu maji, kitunguu swaumu, karoti na hoho, kisha nyanya tatu zilizokatwakatwa, chumvi na pilipili manga. Nyanya zikilainika, mwaga makaroni mabichi, robo kilo, na maji vikombe vitatu vya chai. Funika.

Ndiyo, mabichi! Usichemshe pembeni ukamwaga maji. Ule wanga unaoumwaga ndio unaofanya rojo liwe zito. Punguza makaa, koroga kila baada ya dakika mbili tatu la sivyo yatashika chini. Dakika kumi na mbili hivi yameiva. Yakikauka kabla ya kuiva, ongeza maji kidogo ya moto.

Sasa sikiliza. Epua sufuria KWANZA, ndipo utie maziwa nusu kikombe na chizi iliyokwaruzwa, kama kiganja kimoja. Siku ya kwanza mimi nilitia ikiwa motoni. Maziwa yakakatika, chizi ikawa nyuzi kama mpira na mafuta yakaelea juu. Dogo alikula kimya kimya, kwa heshima tu.

Chizi ni ghali, sikatai. Kipande kidogo cha supamaketi nakitumia mara mbili, na mfuko ukiwa mkavu natia maziwa peke yake.

Siku hizi nikikuta dogo ameshawasha mkaa, saa mbili kasoro tumekula. Sufuria naosha mimi, maana yeye kashafungua kitabu cha hesabu na mtihani ni Novemba. Ila ukoko bado tunagombania.

Tukutane wiki ijayo, msomaji wangu!