Chunusi hupona, doa la dawa hubaki

KATIKA Pwani ya Kusini, kuanzia Waa na Tiwi hadi Ukunda na Msambweni, kijana aliyeota chunusi usoni hutafuta daktari aliye karibu naye zaidi, naye mara nyingi ni muuzaji wa dukani. Swali lake ni moja tu: krimu ipi inaondoa chunusi upesi? Ni nadra kusikia akiuliza krimu hiyo itaifanya nini rangi ya ngozi yake miezi sita baadaye.

Kwa muda mrefu jamii imeyachukulia masuala ya chunusi kuwa ya urembo, ya kufanyiwa mzaha na kusahauliwa. Hata hivyo, dawa inapobadilisha rangi ya uso wa mtoto wa shule, jambo hilo huwa ni la afya ya umma, na pia ni la sheria.

Ni vyema kwanza kuelewa doa linatoka wapi. Katika ngozi nyeusi, seli zinazotengeneza rangi huchokozeka kwa urahisi. Penye uvimbe au mchubuko, seli hizo humwaga rangi nyingi kuliko kawaida, ndiposa chunusi ikipona huacha alama nyeusi. Alama hiyo si uchafu wala si ugonjwa mpya. Aghalabu hufifia yenyewe baada ya miezi kadhaa, ilmuradi isichokozwe tena.

Balaa huanza mtu anapokosa subira. Dawa halali za kupaka, kama vile benzoili peroksaidi na tretinoini, huwasha na kuchubua zikitumiwa kupita kiasi. Mchubuko huo nao huzaa madoa mengine, na mgonjwa, akidhani dawa ni hafifu, huongeza kipimo. Dawa za kumeza nazo zina yake. Doksisaiklini humfanya mtu aunguzwe na jua kwa wepesi, jambo zito kwa anayeshinda shambani au baharini. Minosaiklini, hasa ikitumiwa kwa muda mrefu, yaweza kuacha rangi ya samawati iliyochanganyika na kijivu kwenye makovu ya chunusi au miguuni, na rangi hiyo huenda ikadumu miaka hata baada ya dawa kusitishwa.

Lakini hatari kubwa zaidi imo katika krimu za mchanganyiko zenye steroidi kali kama betamethasoni na klobetasoli. Dawa hizi zina kazi yake halali, kwa mfano kutuliza ukurutu chini ya uangalizi wa daktari. Zikipakwa kwenye chunusi, uvimbe hushuka kwa siku chache na uso ukang'aa. Hapo ndipo mtumiaji hunaswa. Baada ya wiki kadhaa ngozi huwa nyembamba, mishipa midogo huonekana, mabaka meupe hujitokeza, na chunusi za aina nyingine, zinazoletwa na steroidi yenyewe, huzuka. Akiacha, uso huvimba na kuwaka moto, akirudia, hutulia. Dawa inageuka kuwa ugonjwa.

Wapo pia wanaokimbilia haidrokwinoni ili kufuta madoa yaliyobaki. Mwaka 1975, wataalamu wa Afrika Kusini walieleza jinsi wanawake waliotumia krimu zenye kemikali hiyo kwa muda mrefu walivyopata madoa ya bluu na nyeusi mashavuni, yaani kinyume kabisa cha walichotafuta. Madoa ya aina hiyo ni magumu mno kutibu. Nchi hiyo iliipiga marufuku haidrokwinoni katika vipodozi mwaka 1990.

Kenya nayo haikukosa sheria. Mwaka 1998 ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni za aina ya steroidi. Je, mbona tatizo lingalipo? Sababu moja ni kwamba marufuku hiyo inahusu vipodozi, ilhali krimu ya steroidi iliyosajiliwa kama dawa ni bidhaa halali. Kwa hiyo haitaondolewa rafuni na mkaguzi wa vipodozi. Kizuizi pekee ni yule anayesimama nyuma ya kaunta ya duka, na ikiwa yeye hadai cheti cha daktari, sheria nzima huishia hapo.

Fauka ya hayo, kuna suala la lugha. Maelezo ndani ya boksi huandikwa kwa maandishi madogo, mara nyingi kwa Kiingereza kigumu. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo ya kumwezesha kunufaika na bidhaa, na haki ya kulindwa afya yake. Kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Onyo ambalo mnunuzi wa Waa hawezi kulisoma ni onyo gani? Katiba hiyo hiyo, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la vituo vya afya na maduka ya dawa. Kwa hivyo Kwale haiwezi kuingoja Nairobi katika kila jambo. Karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili, ikibandikwa katika kila duka la dawa na kila shule ya upili, si mzigo mkubwa kwa kaunti.

Wazazi nao wana wajibu. Kupaka ndimu usoni kisha kutoka juani, kama wengine wanavyoshauri, si tiba. Maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha mabaka meusi. Tiba sahihi ya chunusi huhitaji wiki sita hadi kumi na mbili, dawa kidogo kidogo, na kujikinga na jua. Anayetumia tayari krimu ya steroidi kwa muda mrefu asiiache ghafla bila ushauri, bali aende hospitalini aelekezwe namna ya kuipunguza. Na aliyepata madhara ayaripoti kwa mfamasia au kwa Bodi ya Famasia na Sumu, kwa maana dawa isiyoripotiwa huhesabiwa kuwa haina kosa.

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Chunusi ni mgeni wa ujanani ambaye kwa wengi huja na kuondoka. Ngozi ndiyo mwenyeji, nayo haistahili kuchomwa kwa ajili ya kumfukuza mgeni huyo.