Abiria Naye Ana Ubongo

Simama dakika chache kwenye steji ya bodaboda hapa Hurlingham, Nairobi, jioni, wakati Barabara ya Argwings Kodhek imefunga tangu Yaya. Watu wanashuka kwenye matatu za nambari 46 zilizokwama, wanapanda pikipiki, wanaondoka. Dereva amevaa helmeti. Abiria nyuma yake ana mkoba begani, simu mkononi na kichwa kitupu. Kila nikiuliza, "Kijana, helmeti yangu iko wapi?" jibu huwa lile lile: "Mathe, ni hapa tu, hatuendi mbali."

Kazi yangu ni fiziotherapia. Nawafundisha watu kutembea upya, kushika kijiko, kufunga vifungo vya shati. Wengi wa walioumia kichwa ambao nimewahudumia hawakuwa wakienda mbali. Walikuwa abiria wa bodaboda, na safari ilikuwa fupi.

Ninachotaka kusema leo ni hiki: tumeifanya helmeti kuwa kesi kati ya dereva na polisi, na abiria amejitoa kabisa katika jambo linalohusu kichwa chake mwenyewe.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, na ukiwa hai ni laini kuliko parachichi lililoiva. Unakadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86, zilizounganishwa kwa nyuzi nyembamba zinazopitisha ishara, nyingine kwa kasi ya zaidi ya mita 100 kwa sekunde. Pikipiki ikianguka, fuvu hugonga lami na kusimama, lakini ubongo hausimami nalo. Huendelea kwenda, ukagonga mfupa upande mmoja, ukarudi kugonga upande wa pili, na mara nyingi hujisokota. Msokoto huo huvuta nyuzi za neva na kuzikata, hata pale ambapo ngozi ya kichwa haikuchubuka.

Kisha unaanza uvimbe. Mguu ukivimba una nafasi ya kutanuka. Ubongo umefungiwa ndani ya mfupa. Ndiyo maana mtu anaweza kuanguka, akainuka, akajipangusa vumbi na kusema yuko sawa, halafu baada ya saa chache akazimia kwa sababu damu imekuwa ikivuja polepole na kuubana ubongo. Aliyegonga kichwa akatapika, akasinzia ovyo au akaanza kusema maneno yasiyoeleweka apelekwe hospitali mara moja, asingojee kupambazuke.

Sakafu ya fuvu, nyuma ya paji la uso, ina matuta ya mfupa yenye makali. Kwa hiyo sehemu ya mbele ya ubongo huumia mno, nayo ndiyo inayotuwezesha kupanga siku, kuzuia hasira, kungoja zamu na kuona haya. Namkumbuka mama mmoja aliyekuwa akiuza mboga Kawangware. Tulifanya mazoezi mpaka akatembea bila fimbo. Lakini hesabu ya chenji ilimpotea, na mtoto akidondosha kikombe, mama alilipuka kwa hasira ambayo nyumba ile haikuwahi kuiona. Mumewe aliniambia, "Daktari, mguu umepona, lakini huyu si yule niliyemuoa."

Maneno hayo yangefaa kubandikwa katika kila steji ya jiji hili. Mfupa uliovunjika huunga. Ngozi hushonwa ikashikana. Nyuzi zilizokatika ndani ya ubongo haziunganiki tena. Tunachofanya sisi ni kuzizoeza sehemu zilizosalia zibebe kazi za zile zilizokufa, na kazi hiyo huchukua miezi na miaka ya jasho, nauli na subira ya jamaa.

Kutibu kichwa kilichokwisha kuumia si jambo jipya katika nchi hii. Mabingwa wa Abagusii walikuwa wakipasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa wa fuvu wa mtu aliyesumbuliwa na maumivu baada ya kupigwa kichwani. Katika karne iliyopita madaktari wa hospitali walishuhudia kazi hiyo na kuandika habari zake. Lakini hata fundi hodari wa kisu huja baada ya jeraha.

Aliyepigania kinga kabla ya jeraha ni Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Australia. Mwezi Mei 1935 alikuwa miongoni mwa waliomhudumia T. E. Lawrence, mwanajeshi mashuhuri wa Uingereza, aliyeanguka na pikipiki akiwakwepa wavulana wawili waliokuwa kwenye baiskeli. Lawrence hakuwa amevaa helmeti. Alilala siku 6 bila fahamu, akafa akiwa na miaka 46. Cairns akaanza kufuatilia takwimu. Mwaka 1941 alichapisha matokeo: katika miezi 21 ya mwanzo ya Vita vya Pili vya Dunia, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wameuawa katika barabara za Uingereza, na majeraha ya kichwa ndiyo yaliyoongoza kwa kuua. Mwaka huo huo jeshi likawaamuru waendesha pikipiki wake wavae helmeti wakiwa kazini. Raia wa kawaida wa Uingereza walingojea sheria hadi 1973.

Sisi sheria tunayo. Tangu 2012, Sheria ya Trafiki inawataka dereva na abiria wake wavae helmeti na jaketi lenye kung'aa. Ushahidi pia tunao. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2008 ulionyesha kwamba helmeti hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42. Kilichopungua ni abiria kudai haki yake.

Nazijua sababu, maana akina mama wenzangu hunieleza. Helmeti ya steji inanuka jasho la watu wengi. Wanaogopa chawa na mapunye. Mtu ametoka saluni, amekaa saa nne akisukwa, na helmeti inabana. Hizo ni sababu za kweli, na dawa zake zipo. Beba kitambaa safi cha pamba ukifunge kichwani kabla ya kuvaa. Kama unapanda boda kila siku, nunua helmeti yako, yenye ganda gumu, povu nene ndani na kamba inayofungika chini ya kidevu. Povu hilo ndilo linalosagika badala ya ubongo wako, kwa hiyo helmeti iliyowahi kupata pigo kubwa haifai tena. Kofia ya mjengo nayo haikuundwa kwa ajili ya pikipiki. Wala helmeti isiyofungwa kamba haisaidii. Hutangulia chini kabla ya mwenyewe.

Wengine nao wana wajibu. Muuzaji wa pikipiki aitoe dukani ikiwa na helmeti mbili. Kampuni za boda za kuitwa kwa simu zimwondoe barabarani dereva asiye na ya pili. Polisi akisimamisha pikipiki, aulize kwanza helmeti ya abiria. Na hospitali, kliniki na ofisi zilizojaa hapa Hurlingham, ambazo wafanyakazi wao wa zamu hurudi nyumbani usiku kwa boda, ziwanunulie helmeti kama zinavyowanunulia sare.

Lakini nguvu kubwa iko kwa anayelipa nauli. Ukifika steji jioni ya leo, usianze na bei. Uliza helmeti. Kama haipo, mwambie dereva kwa heshima kwamba unamtafuta mwenye nayo, kisha uende kwa mwenzake. Wateja wakifanya hivyo wiki moja tu, dereva aliyebaki bila abiria ataitafuta helmeti ya pili mwenyewe, bila kusukumwa na askari.