Mwana wa Magarini na Elimu ya Maendeleo

Elimu ni taa, lakini taa humfaa yule anayeielekeza penye giza lake. Siku hizi vijana wengi wanaomaliza shule ya sekondari hutamani kwenda chuo kikuu kusomea maendeleo ya kimataifa katika shahada yao ya kwanza. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na si kazi yangu kumkataza mtu kusoma. Walakini nina ugomvi na makundi mawili ya watu kwa habari ya somo hili, nami nakuomba wewe, msomaji, uwe mwamuzi kati yetu.

Kundi la kwanza ni la wale wanaolipenda somo kwa ajili ya fahari yake. Wamemwona afisa wa shirika akipita katika njia ya Marafa ndani ya gari refu jeupe, akiwaachia vumbi waendao kwa miguu, wakasema nyoyoni mwao, "Nami nitaketi pale." Kundi la pili ni la wale wanaolidharau kabisa. Hao husema kwamba daktari hutibu, mhandisi hujenga na mwalimu hufundisha, lakini msomi wa maendeleo hafanyi neno ila kuandika ripoti. Makundi haya mawili yana kosa moja. Hakuna hata moja lililouliza somo hili limepata kuingia katika nyumba ya nani.

Kijana mmoja wa Magarini alinijia kuniaga baada ya kupata nafasi ya kusomea maendeleo. Nilimpongeza, kisha nikamwuliza, "Je, mdogo wangu, unajua habari za mradi wa makazi wa Magarini?" Akanijibu, "Sijui, mwalimu. Labda tutafundishwa huko." Nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa na uchungu. Alikuwa akienda mbali kutafuta kisa kilichotokea katika mashamba ya babu zake.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika miaka ya 1970 serikali ya Kenya ilikusudia kuwapa watu makazi kaskazini ya mto Sabaki, na serikali ya Australia ikakubali kusaidia kwa fedha na wataalamu. Vichaka vingefyekwa, ardhi ingepimwa, kila jamaa ingepewa shamba lake, na Wagiriama wangeacha kilimo cha kuhamahama, washike kilimo cha mahali pamoja kwa ujuzi uliotoka katika nchi kavu za Australia. Nia ilikuwa njema. Lakini mvua haikufuata hesabu za vitabuni, na maji matamu hayakupatikana chini ya ardhi kama ilivyotarajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Waaustralia walijitoa, na matumaini makubwa ya mwanzo yalikuwa hayajatimia. Mwaka 1991 Doug Porter, Bryant Allen na Gaye Thompson walitoa kitabu kizima juu ya mambo hayo. Anwani yake yasema kwamba njia ile ilisakafiwa kwa nia njema, na kila mtu ajua njia ya namna hiyo huishia wapi.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza watu wa Sabaki kupangiwa maisha na wengine. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni, iliyotaka vibarua kwa mashamba ya pwani, iliwaamuru Wagiriama waihame ng'ambo ya kaskazini ya mto. Mekatilili wa Menza alikuwa amekwisha kuhamishwa mpaka Kisii kwa kuwahimiza watu wake wakatae. Nyumba zilichomwa moto na watu wakauawa. Basi mzee aliyesikia habari hizo kwa baba yake angemtazamaje mpimaji ardhi aliyekuja na kamba na ramani? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Tanganyika nayo iliyaona hayo mapema zaidi. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa palikuwa mahali pa kwanza. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama sakafu, mvua ikawa haba, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Kati ya Kongwa na Magarini ilipita miaka karibu 30, na kosa likarudi lile lile.

Hapa mwenye dharau atanikatiza aseme, "Huo ndio ushahidi wangu. Wasomi walikuja wakashindwa." Namkubalia nusu ya neno lake. Wasomi walikuja, na matinga yalikuwako, na fedha zilikuwako. Aliyekosekana ni mtu mwenye nguvu ya kusema, "Ngojeni kwanza. Nani akaa hapa? Apanda nini? Kwa nini huhama, na ahamapo huenda wapi?" Maswali hayo, yanapofundishwa sawasawa, ndiyo somo lenyewe la maendeleo. Tungelikuwa na watoto wetu wanaojua kuyauliza katika meza ile ya wapangaji, huenda fedha nyingi zingeliokoka, na jasho jingi pia.

Na wewe unayelitamani gari jeupe, usifurahi mapema. Swali peke yake halichoti maji. Atakayerudi Magarini na maneno matupu atakuwa mgeni mwingine tu, ila huyu ajua Kigiriama. Soma maendeleo, lakini uyasome pamoja na jambo linalopimika: udongo, maji, hesabu, au sheria ya ardhi. Licha ya hayo, gari lile si mali ya anayelipanda. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na watu wengi wa Kenya wakapoteza kazi pasipo kosa lao. Aliyekuwa na ujuzi mkononi aliweza kutafuta mlango mwingine. Aliyekuwa na cheo tu alibaki na cheo kisichokuwa na ofisi.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kabla hujaondoka, chukua daftari ukaketi na mzee wa kwenu. Mwulize mvua ilikuwaje alipokuwa kijana, nani alipima shamba lake, na aliulizwa nini siku lilipopimwa. Andika majibu yake, uende nayo chuoni. Mwalimu wako atakapokufundisha nadharia, ipime kwa maneno ya mzee huyo. Na maneno ya mzee nayo uyapime kwa nadharia, maana wazee nao hukosea.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Magarini imewapokea wageni wengi, na baadhi yao walikuja kwa moyo safi. Lakini mwenyeji hakupona. Yafaa sasa mwenyeji ajifunze uganga mwenyewe, ili siku mgeni atakapobisha hodi tena, amkaribishe, ampe kiti, kisha aanze yeye kuuliza maswali.