Kimya kingi cha nyambizi, mshindo wake ni upi?

Mapema Februari 2009, nyambizi mbili za nyuklia ziligongana chini ya Bahari ya Atlantiki: HMS Vanguard ya Uingereza na Le Triomphant ya Ufaransa. Kila moja imejengwa kubeba makombora 16 ya nyuklia. Hazikuwa za maadui, bali za washirika wawili wa NATO. Wafaransa mwanzo walidhani wamegonga kontena.

Vipi vyombo vya urefu wa zaidi ya mita 130 vigongane bila kusikiana? Waziri wa Ulinzi wa Ufaransa wakati huo, Hervé Morin, alisema nyambizi hizo zina kelele ndogo kuliko ya kamba wa baharini.

Ndugu msomaji, nyambizi haioni; inasikiliza. Majini sauti huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani. Kinachoifichua ni mambo matatu. Rafadha ikizunguka kwa kasi huzusha viputo vinavyopasuka kwa kishindo. Mitikisiko ya gia na pampu hupenya chuma hadi majini. Na maji yenyewe huvuma yakipita ubavuni.

Dawa yake ni mashine kukalishwa juu ya mpira, chombo kuvishwa vigae vya mpira, na nahodha kwenda polepole. Nyambizi ya dizeli ikitumia betri hunyamaza sana, lakini sharti ipande karibu na uso wa maji kuchaji. Ya nyuklia hukaa chini miezi, ila mitambo yake haizimwi, hivyo kuinyamazisha ni kazi ghali.

Sasa ushindani huo unasogea Bahari ya Hindi. Chini ya mkataba wa AUKUS uliotangazwa Septemba 2021, kituo kilicho karibu na Perth, Australia, kimepangwa kupokea kwa zamu nyambizi za nyuklia za Marekani na Uingereza kuanzia 2027.

Mwaka 1971 Umoja wa Mataifa uliitangaza bahari hii kuwa eneo la amani. Serikali za pwani zake, yetu ikiwemo, zina haki ya kuuliza: ikiwa marafiki waligongana kwa kunyamaza, mahasimu watapishana vipi? Ajali ya kinu cha nyuklia baharini haitauliza mvuvi ni raia wa nchi gani.