MALEZI NA AFYA, SEHEMU YA 9: Mtoto akikuonyesha picha ambayo haijaisha, usikimbilie kusema "nzuri"

Maswali yenu ya wiki iliyopita kuhusu homa za usiku nimeyaona, nitayajibu Jumamosi. Leo naomba tutoke kidogo wodini tuje sebuleni. Na nianze na kosa langu mwenyewe, maana nisije nikawafundisha kana kwamba mimi sijawahi kuteleza.

Mwanangu mkubwa ana miaka 15. Anachora kwenye simu, kwa kidole tu. Na sio maua wala nyumba, hapana. Yeye ni vyombo vya anga, miji ya miaka 300 ijayo, sayari ambazo hakuna aliyezifika. Siku moja nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nataka maji ya kuoga na kitanda. Akanipokea mlangoni: "Mama, shikamoo. Hebu ona hii, bado sijamaliza."

Nikaangalia. Kuna kivuko kama kile cha Kigamboni, ila kinaelea juu, hakigusi maji. Angani kuna majua mawili. Mbele kasimama mtu kavaa suti ya mwanaanga, hana uso. Nikasema, "Mbona huyu hana uso? Na hesabu umemaliza?"

Akasema, "Basi mama, kalale tu." Akazima simu.

Jamani, miezi mitatu mtoto hakunionyesha picha nyingine. Nikipita karibu anageuza simu. Mwanzoni nikajua ni ujana tu. Baadaye nikakumbuka ile asubuhi. Aliniambia wazi kabisa kwamba hajamaliza, na mimi nikamjibu kana kwamba amemaliza na amekosea.

Sasa msimamo wangu ni huu, na usipokubaliana nami tuongee huko chini. Mtoto anayekuonyesha kazi ambayo haijaisha anaomba jicho lako. Hajaja kutafuta sifa wala hukumu. Ukimpa "nzuri sana mwanangu" huku unaangalia sufuria, umemnyima. Ukimpa orodha ya makosa, umemnyima pia.

Hebu fikiria ninavyofanya kazi kliniki. Mama akiingia na mtoto mgongoni, sianzi na sindano. Nauliza kwanza, "Nini kimekuleta leo mama?" Nikishajua shida iko wapi, ndipo napima. Nyumbani tunafanya kinyume, tunatoa dawa kabla ya kuuliza.

Kuna kitu nilikuwa sikijui kuhusu hizi picha za kidijitali, na huenda na wewe hukijui. Hazichorwi kwenye karatasi moja. Zinachorwa kwa leya, yaani tabaka juu ya tabaka. Chini kuna mistari ya kwanza, juu yake rangi bapa, juu yake mwanga na vivuli, mwisho vitu vidogo vidogo kama macho na vifungo. Kwa hiyo yule mtu hakukosa uso kwa bahati mbaya, zamu ya uso ilikuwa haijafika. Ni sawa na mtu anakuta umeanza kukaanga vitunguu anakuuliza pilau mbona halina nyama!

Ila huo ndio wakati mzuri wa kusema neno. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Msemo huu tumezoea kuutumia kwenye fimbo, lakini kwenye kazi ya mikono una maana safi kabisa. Ukisema mapema, mtoto anabadilisha tabaka moja na mengine yanabaki. Ukisubiri amalize ndio uanze "ila pale...", umemvunja moyo kwa kitu ambacho kingerekebishika kwa dakika kumi.

Mwezi uliopita nikamwomba msamaha. Nikamwambia, "Mwanangu, ile picha ya kivuko nilikujibu vibaya. Bado unayo?" Alikuwa nayo. Safari hii nikamuuliza, "Unataka niangalie nini?" Akasema mwanga unamsumbua, picha inaonekana ya uongo na hajui kwa nini.

Mimi kuchora sijui, hata kikombe sichori. Lakini nimesimama sana chini ya taa ya chumba cha upasuaji. Ile taa ina balbu nyingi zinazomulika kutoka pande tofauti, ili mkono wa daktari usitupe kivuli kizito kwenye kidonda. Nikamwambia, kila mwanga una kivuli chake. Wewe una majua mawili, mbona mtu wako ana kivuli kimoja? Kijana akaruka kwenye kochi! Akafungua leya mpya hapo hapo.

Nikaongeza swali la kinesi: "Na huyu ndani ya hiyo suti anapumuaje?" Akacheka, halafu akanyamaza. Kesho yake suti ikawa na mtungi mgongoni na mpira unaoingia kifuani.

Swali hilo si la mchezo. Katikati ya miaka ya 1970 George Lucas alimpa kazi mchoraji Ralph McQuarrie achore picha za filamu ya Star Wars kabla haijapigwa. Hadithi ilimtaka Darth Vader avuke anga tupu kutoka chombo kimoja hadi kingine. McQuarrie akaona huyu mtu lazima awe na kitu cha kumsaidia kupumua, akamvalisha barakoa. Lucas akakubali. Leo watu duniani kote wanaijua ile sura na ile pumzi. Imetoka kwenye kazi ambayo ilikuwa bado inajengwa, kwa sababu mtu aliuliza jambo la kawaida kabisa.

Kuna atakayesema, "Nesi, si bora nimsifie tu apate kujiamini?" Sifa ni nzuri, ila inategemea unasifia nini. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck wa Marekani walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Watoto waliosifiwa kwamba wana akili walipokutana na maswali magumu walikata tamaa haraka kuliko waliosifiwa kwa juhudi. Kwa hiyo badala ya "una kipaji wewe", sema "naona haya maji umeyarudia mpaka yakawaka". Hapo anajua umeona.

Mwingine atauliza, kuchora kutamlisha? Sijui, na leo siongelei ugali. Naongelea mlango. Kwenye benchi la kliniki nimekaa na kina mama wengi wanaolia, "Hakuniambia." Mtoto anayezoea kukuletea picha nusu anajifunza kukuletea na mambo mengine nusu: maumivu asiyoyaelewa, uvimbe, hofu, mtu anayemsumbua njiani. Na akikosa jicho nyumbani atalitafuta kwa watu asiowajua kwenye simu. Hao wengine hawana shida na picha, wana shida na mtoto wako.

Basi chukua haya matatu:

1. Uliza kwanza: "Unataka niangalie nini?"
2. Taja kitu kimoja unachokiona kweli, na swali moja tu. Sio kumi.
3. Ukiwa umechoka, sema ukweli: "Nimechoka, nionyeshe saa kumi nikiamka." Halafu saa kumi umuulize wewe. Usingoje akukumbushe.

Na kwa kuwa mimi ni nesi, la macho siliachi: kila dakika 20 za skrini, aangalie kitu cha mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20.

Ile picha bado haijaisha. Yule mtu mpaka leo hana uso, na sijauliza. Jana usiku mwanangu amekuja mwenyewe: "Mama, nikuulize, mtu akiogopa lakini hataki watu wajue, uso wake unakaaje?"

Tumekaa mpaka saa tano. Tuonane sehemu ya 10, na kina baba nanyi mnakaribishwa.